Samaki wa Bwawa la Chini

Iringa,
14 Machi 2023

Mpendwa Shangazi Cornelia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeanza kukuachia sasa mvua zinapopungua. Mimi sijambo. Mwambie baba sweta limefika, na Iringa nayo ina baridi yake, aache kunionea huruma kama vile nimehamia jangwani.

Nakuandikia kwa sababu simu huko bondeni haishiki, na ukipanda mlimani kunipigia unaniambia habari za kila mtu mpaka salio linakwisha hatujafika kwenye samaki.

Kisanduku chako kilikuja na basi la Jumanne. Barafu ilikuwa imeyeyuka nusu, lakini samaki wote wanne walifaa kupimwa. Ulifanya vizuri kuwafunga mmoja mmoja. Nimewapasua, nimechukua vipande vya ini na ubongo, nimevipitisha kwenye mashine. Si maji machafu, si pumba iliyoota ukungu, wala si jicho la jirani kama baba anavyodai. Ni kirusi. Kinaua perege. Kinawavimbisha macho na kuwatoa vidonda, na maji yakiwa na joto kinaweza kumaliza bwawa zima kwa siku kumi. Mtu hakimdhuru, ila samaki ambaye mwili wake haujawahi kukutana nacho hana la kufanya.

Sasa nisikilize. Samaki wote waliokufa bwawa la juu, chimba shimo mbali na mkondo, mwaga chokaa, fukia. Usiwale, usimpe mtu, usiwape kuku, usiwatupe kondeni. Bomba linalopeleka maji bwawa la chini lizibe. Kule chini kuna samaki wa marehemu Mzee Teodori na sitaki kusikia nao wamekwenda.

Najua unavyochukia kutupa chakula. Nakuomba ukishafukia uniandikie.

Mwanao,
Silvana

*

Bondeni, njia ya Matai,
Sumbawanga
2 Aprili 2023

Mwanangu Silvana,

Marahaba. Leo ni Jumapili ya Matawi, nimetoka kanisani nikakaa hapa mlangoni na kalamu. Goti halijaniachia, limezoea tu kuishi na mimi. Baba yako Evaristi yupo, kabichi zake zimefunga vizuri na anatembea kama mwenye kiti halmashauri. Anasema nikiyafukia haya mabwawa yote mawili nikapanda kabichi nitakufa na amani. Nimemwambia kaka yangu, sina haraka ya kufa, na kabichi sizipendi.

Samaki nimefukia kama ulivyoagiza. Shimo alichimba baba yako nyuma ya mikaratusi, chokaa nilimwaga mwenyewe, udongo tukarudishia. Bomba nimeziba kwa gunia na udongo wa kichuguu. Ulinifundisha kuandika kila kitu, ndiyo naandika.

Samaki wa chini wazima. Mimi macho yananisumbua, kuni za mwezi huu ni mbichi na moshi wake mkali, nimekohoa wiki nzima. Usiniletee dawa, itapita.

Kula. Picha uliyomtumia baba yako umekonda.

Shangazi yako,
Cornelia

*

Bondeni,
19 Novemba 2023

Mwanangu Silvana,

Nakusalimu kwa upendo. Mvua bado, jua linachoma tangu mwezi wa kumi, hata wazee wanasema Ufipa hii siyo. Baba yako aliumwa jino, wakaling'oa, sasa analionyesha kwa wageni.

Vile vifaranga ulivyonitafutia mwezi wa sita kwa ajili ya bwawa la juu vimekufa vyote. Vilikuwa vimefika ukubwa wa kiganja. Macho kuvimba, ngozi kuwa nyeusi, siku nane tu, bwawa likawa jeupe kwa matumbo. Na kabla hujaniuliza: ndiyo, lile bomba nililoziba lilizibuka tangu mwezi wa tisa. Maji ya juu yamekuwa yakishuka chini muda wote huo.

Lakini bwawa la chini hajafa hata mmoja. Mia tatu na zaidi, wanakuja kula nikipiga debe kama siku zote.

Kuna afisa uvuvi mpya, Stanley Mbonile, kijana wa Mbeya, mpole, anavua viatu kabla ya kuingia sebuleni. Ameleta karatasi. Mabwawa yote mawili yamwagwe na kutiwa chokaa ndani ya siku thelathini, samaki wazima kwa wafu. Nimemwambia akitaka kuua samaki wa mume wangu ambao hawaumwi, aanze na mimi. Alicheka, lakini alirudi nyuma hatua moja.

Teodori aliwaleta samaki wale kutoka Ziwa Rukwa kwenye ndoo mbili, akipanda mteremko wote ule kwa miguu, akisimama kila mto kuwabadilishia maji. Walifika kumi na tisa. Hao mia tatu ni wajukuu wa wale kumi na tisa. Siwatoi. Wewe ndiye msomi wa magonjwa ya samaki, andika kitu chenye mhuri.

Shangazi yako,
Cornelia

*

Maabara, Iringa,
8 Desemba 2023

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa bwawa la juu, na pole kwa baba na jino lake. Mimi mzima, ila silali vizuri kwa furaha, na sababu ni wewe.

Bwana Stanley ana mkono mzuri. Damu niliyomwomba awatoe samaki ishirini wa bwawa la chini ilifika haijaganda hata chupa moja. Nimeipima mara tatu kwa sababu sikuamini. Wote ishirini wana kingamwili za kirusi kile. Maana yake miili yao inakijua, imejiandaa, kikiingia inakikamata. Sijawahi kuona hivyo kwenye bwawa la mkulima.

Nafikiri ni ukoo. Wale kumi na tisa wa Mzee Teodori pengine walitoka na kitu cha pekee kwenye damu yao, wakakirithisha. Nimeandika taarifa. Mkuu wangu, Dokta Jafeti, ameisoma akiwa amesimama, na yeye husoma vitu vyetu akila. Ameupa jina: Ukoo wa Cornelia. Barua yenye mhuri imekwenda ofisini kwa Stanley, amri ya chokaa imesimamishwa mpaka utafiti uishe. Nimesaini pia kibali cha maabara kuchukua samaki wa mbegu kwako siku za mbele.

Sasa nina maombi mawili. Nitumie vifaranga mia na ishirini waliozaliwa bwawa la chini baada ya vifo vya juu. Na ujaze fomu niliyoambatisha: joto la maji, idadi, chakula. Kwenye chakula andika kila kitu ulichowapa tangu Januari, hata kama ni makombo.

Mwanao mwenye furaha,
Silvana

*

Bondeni,
28 Desemba 2023

Mwanangu Silvana,

Heri ya Noeli. Tulikula kuku wawili na baba yako alikula kana kwamba meno yote yapo. Stanley alikuja kutusalimu na soda, nikampa ugali wa ulezi, akaongeza mara mbili. Watu wa Mbeya wanajua kula.

Nashukuru kwa mhuri. Fomu nimejaza. Chakula ni pumba na mashudu ya alizeti.

Vifaranga Stanley amewaweka kwenye mifuko ya hewa, atawapakia basi la asubuhi na kumpa kondakta maelekezo kana kwamba anasafirisha askofu.

Hilo jina la ukoo liondoeni. Samaki ni wa Teodori, mimi nawalisha tu. Usiandike jina langu mahali popote.

Sina mengine.

Cornelia

*

Maabara, Iringa,
17 Februari 2024

Shikamoo Shangazi,

Natumaini wote hamjambo na mahindi yanaendelea. Nimepokea salamu kupitia Stanley.

Vifaranga vyako vimekufa. Niliwaacha wiki tatu wazoee matangi, wakala, wakachangamka. Kisha nikaingiza kirusi. Siku ya tisa walikuwa wamebaki watano kati ya mia na ishirini. Na damu yao, nilipoipima kabla, haikuwa na kingamwili hata kidogo. Wazazi wanazo, watoto hawana. Basi si ukoo. Kitu kilichowalinda wazazi kiliwapata wakiwa bwawani, mwaka jana, na hakikurithishwa.

Dokta Jafeti tayari ameutangaza Ukoo wa Cornelia mbele ya watu wakubwa. Mwezi wa sita anataka kugawa samaki wa mbegu kwa wenye vizimba vya samaki ziwani, Kasanga na Kipili, na wenye mabwawa Matai. Nilipomwonyesha vifo alisema maji ya matangi yalikuwa mabaya. Maji nilipima mwenyewe kila asubuhi.

Fomu yako ina mistari kumi na miwili. Umejaza kumi na mmoja kwa maelezo marefu, mpaka rangi ya vyura. Kwenye chakula umeandika maneno matano. Wewe, uliyewapikia wasichana mia nne shuleni miaka thelathini na unakumbuka maharage ya mwaka gani yalikuwa magumu.

Shangazi, kuna kitu hujaniambia.

Silvana

*

Iringa,
10 Machi 2024

Shikamoo Shangazi,

Najua barua yangu ilifika, Stanley alikukabidhi mkononi. Sikasiriki. Nasubiri.

Silvana

*

Bondeni,
31 Machi 2024

Mwanangu Silvana,

Leo ni Pasaka. Kwaresima yote nilikuwa nikiandika barua hii kichwani, na Ijumaa Kuu nilikwenda kwa padre nikaungama kwanza, nikitumaini kwamba Mungu akishajua itatosha. Padre akaniuliza, huyo uliyemdanganya ni Mungu au ni Silvana? Kijana yule ana maswali mabaya.

Sikuwafukia. Mwaka jana, Machi, nilipopata barua yako, nilikuwa na ndoo sita za samaki waliokufa, wengine walikuwa bado wanatapatapa nilipowatoa. Baba yako alichimba shimo kweli. Nilisimama kwenye lile shimo na ndoo ya kwanza na mkono ukakataa. Shuleni mimi sikutupa hata ukoko. Kuna mwaka unga haukuja, nikawalisha wasichana wale kwa ukoko uliotwangwa, hakuna aliyelala na njaa. Mtu aliyefanya hivyo unamwambia amwage ndoo sita za nyama kwenye chokaa.

Nilimwaga chokaa kwenye shimo tupu, nikafukia. Hata baba yako hajui.

Samaki niliwatia kwenye lile sufuria kubwa walilonipa nilipostaafu. Nilitaka kuwachemsha hasa, lakini kuni zilikuwa mbichi, maji hayakuwahi kutokota, yalikuwa ya moto wa kuunguza mkono tu. Niliwaacha humo tangu asubuhi mpaka ngozi ikabanduka. Nikawatandaza kichanjani juu ya moshi siku mbili, nikawaanika, nikatwanga, nikachanganya na pumba. Wa bwawa la chini walikula unga huo Aprili yote na Mei yote. Waliupenda. Nikajiambia hakuna aliyedhurika, basi hakuna kosa.

Ulipoandika ukoo, nikaona umeshapata jibu lako na ni zuri kuliko langu. Tena lilikuwa limewaokoa samaki wa Teodori. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka umeaibika, na hilo halikutoka kwenye sufuria, ni langu mimi.

Unga uliobaki nimekutumia kwenye kopo la siagi. Usinisitiri.

Shangazi yako,
Cornelia

*

Iringa,
22 Aprili 2024

Shikamoo Shangazi,

Nashukuru kwa barua. Afya yangu nzuri. Naomba umwambie baba asinitumie tena maharage, bado ninayo.

Niliisoma barua yako nikaenda kukaa ngazi za nyuma. Kwanza nilikasirika, na nataka ujue kwamba bado nina hasira. Nilikuomba kwa maandishi. Kama moto wako ungekuwa mdogo zaidi kidogo, au ungewatoa mapema, ungewalisha kirusi hai, na lisingebaki bwawa hata moja bonde zima, lako wala la watu. Hukujua. Ulibahatisha.

Halafu nikaanza kucheka peke yangu, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama niko salama. Kwa sababu unajua ulichofanya? Maji yako ya moto yaliua kirusi bila kukiharibu sana. Kilikufa, lakini sura yake ilibaki. Samaki walipokula unga ule kila siku, miili yao ikajifunza sura hiyo bila kuugua, na Novemba kirusi kizima kiliposhuka kwenye bomba wakakitambua. Hiyo inaitwa chanjo. Watu wanatafuta chanjo ya samaki ya kula, isiyohitaji sindano, na wewe umepika moja kwenye sufuria la uji.

Yaani, huenda. Sina ushahidi mpaka nijaribu unga wako.

Lakini lazima nikuambie na upande wa pili. Nikiandika ukweli, sababu iliyosimamisha amri ya Stanley inaondoka. Tena amri ile haikuwa ya kijinga. Samaki aliyepona anaweza kubeba kirusi bila kuonyesha chochote, na akihamishiwa kwa wenzake wasio na kinga anawaua. Ndiyo maana mpango wa kuwapeleka Kasanga na Kipili unanitisha kuliko jina langu kuharibika.

Dokta Jafeti nimemwambia yote. Amesema tuache kama ilivyo. Nimemwambia siwezi. Mengine tutaongea siku nyingine.

Silvana

*

Bondeni,
12 Mei 2024

Mwanangu Silvana,

Baba yako amejua. Nilimsomea barua yako yote. Akauliza, alichimba lile shimo bure? Ndicho kilichomuuma.

Hasira zako nimezipokea, ni haki yako, nimeziweka mahali. Sasa nisikilize na wewe.

Barua zako zote tangu uanze kazi zina nembo ya maabara juu. Hii ya mwisho ni karatasi ya daftari, imechanwa vibaya pembeni. Miaka thelathini nimesimama dirishani jikoni nikigawa uji, namjua msichana aliyefukuzwa darasani kwa namna anavyonyoosha kikombe. Wamekufukuza au wamekusimamisha? Unanidai ukweli wa sufuria na wewe unanificha wa kiti chako.

Kama ni kwa sababu ya kunilinda mimi, acha. Andika. Tena usiandike mkulima mmoja wa Rukwa. Andika Cornelia, mpishi mstaafu, aliagizwa kufukia akasema amefukia, na hakufukia. Wacheke. Nimechekwa na mabwana wakubwa zaidi ya huyo Dokta, walikuja shuleni kukagua jiko wakaondoka wameshiba. Samaki ni wangu na uongo ni wangu, huyo Jafeti hana ruhusa yangu ya kuutumia.

Na usiniogopee kuhusu amri. Mimi siogopi karatasi.

Shangazi yako,
Cornelia

*

Iringa,
5 Juni 2024

Shikamoo Shangazi,

Wamenisimamisha. Tangu tarehe kumi na nane Aprili. Wanasema nilitoa siri za utafiti. Sikukuambia kwa sababu ungepanda basi ukaja na mwiko. Nakaa vizuri, nakula, na kodi ya chumba si tatizo lako.

Rafiki yangu Victoria, tuliyesoma naye, ana matangi ya kufugia kwenye maabara ndogo anayoiendesha hapa mjini. Alinipa kona. Nilichukua samaki mia na ishirini wasiowahi kuugua. Sitini niliwalisha pumba iliyochanganywa na unga wa kopo lako, siku thelathini. Sitini wengine pumba tupu. Kisha kirusi, kipimo kilekile kwa wote. Victoria ndiye aliyehesabu, mimi sikuruhusiwa kujua tangi lipi ni lipi, ili nisijidanganye tena.

Waliokula pumba tupu wamebaki wanne. Waliokula unga wako wako hai arobaini na sita.

Nililia, sitaficha. Ni jaribio moja tu na lazima lirudiwe na wengine. Nimeliandika lote, pamoja na kosa langu la ukoo na uongo wako wa shimo. Jina lako liko juu karibu na langu. Victoria aliuliza cheo chako ni kipi. Nimeandika mpishi.

Ila karatasi hiyo itachukua miezi kusomwa, na gari la Dokta Jafeti linakuja kwako Alhamisi tarehe ishirini mwezi huu kuchukua samaki wa mbegu. Kibali kina saini yangu ya Desemba. Nimeandika kuifuta mara mbili. Nimejibiwa kwamba linashughulikiwa. Wakifika ziwani Kasanga, hakuna atakayewarudisha.

Sitakuambia ufanye nini. Najua walikuja vipi kutoka Rukwa. Na nilishawahi kukuambia ufukie, nikaona matokeo.

Mwanao,
Silvana

*

Bondeni,
23 Juni 2024

Mwanangu Silvana,

Nakusalimu, na baba yako anakusalimu. Baridi imeingia hasa, asubuhi majani yana barafu nyeupe na kabichi zake zimekunjamana, kwa hiyo wiki hii tuko wawili wenye kununa.

Barua yako ilifika Jumamosi. Jumatatu nilipanda mlimani nikampigia Stanley. Nilimwuliza ile amri ya Novemba bado anayo? Akasema imo kwenye faili, imesimamishwa tu. Nikamwambia aifufue. Alidhani simu inakata maneno, nikarudia. Akasema anahitaji ombi la mwenye bwawa kwa maandishi, na lina sehemu ya sababu. Alikuja nayo Jumatano pamoja na mifuko ya chokaa, na alivua viatu mlangoni kama kawaida.

Kwenye sababu niliandika hivi: "Samaki hawa walipona kwa sababu nilidanganya. Kuna mtu anataka kuwagawa kwa uongo huohuo. Nakataa." Stanley alisema nafasi ile ni ya neno moja, kama ugonjwa au ukame. Nikamwambia apige mhuri.

Nilipiga debe mara ya mwisho, wakaja wote. Sitakuandikia hapo katikati. Stanley aliwatoa damu samaki hamsini kwanza, chupa ziko kwenye kisanduku hiki, zimefungwa moja moja. Baba yako alichimba shimo jipya, refu kuliko lile la kwanza, na safari hii alisimama pembeni akihesabu kila ndoo ikishuka, kwa sauti, mbele ya shahidi wa serikali. Simlaumu.

Alhamisi saa nne gari lilifika, lina matangi na mitambo ya hewa, na mtu mwenye koti jeupe ambaye hakunisalimia. Akanipa kibali chenye saini yako. Nikakisoma chote, taratibu, nikitumia miwani ya baba yako. Akaniuliza samaki wako wapi. Nikampeleka nyuma ya mikaratusi nikamwonyesha udongo. Nikamwambia, "Wako hapo, ukoo mzima. Mwambie Dokta Jafeti, Cornelia amesema."

Alipiga simu, simu ikakataa, huku bondeni haishiki. Akaondoka na matangi yake matupu.

Ziwa lake Kasanga halikupata kitu kutoka kwangu. Nilifanya hivyo kwa kuwa wewe ulisema ni hatari. Mtu wa mhuri angesema peke yake nisingemsikiliza, na hilo nimemwambia Stanley pia.

Bwawa la chini liko tupu, linakauka, nitaliacha mpaka jua la Septemba lilichome. Sufuria nimelisugua. Kwenye karatasi yako umeandika lazima wengine warudie. Basi anza na mimi, ila safari hii ulete kipimajoto, na usimame hapo hapo jikoni tukipika. Wakikurudisha kazini ni vizuri. Wasipokurudisha, njoo, kuna mabwawa mawili na chumba cha Teodori.

Jana nilikwenda kaburini kumwambia kuhusu wale kumi na tisa. Nilimwambia nimewafukia, Silvana, na ilikuwa kweli.

Shangazi yako,
Cornelia, mpishi